Shaba na amonia: kutengeneza fuwele, kuzipima na kuzitunza katika hewa ya pwani

Mrututu, yaani salfeti ya shaba, una rangi ya buluu kwa sababu ya maji. Ndani ya fuwele zake kila ayoni ya shaba imezungukwa na molekuli nne za maji, na maji hayo yakitolewa kwa moto unga unabaki mweupe. Nafasi ya maji ikichukuliwa na amonia, rangi hukoza hadi kuwa buluu inayoelekea zambarau, na chumvi inayopatikana ni [Cu(NH₃)₄]SO₄·H₂O. Kwa uzito, shaba ni asilimia 25.9 na naitrojeni asilimia 22.8. Kwa anayetaka kujifunza kemia ya shaba iliyoshikwa na naitrojeni, hapa ndipo pa kuanzia, na maabara ya sekondari au chuo, iwe Lamu au Malindi, inaweza kuifanya kazi hii vizuri kabisa.

Jambo moja lishikwe mapema: zile amonia nne zinatoka kwa urahisi. Joto huzitoa, maji huzitoa, upepo wenye unyevu huzitoa. Ukilielewa hilo utajua kwa nini kila hatua hapa chini iko vile ilivyo, na kazi ikiharibika utajua pa kutazama. Ndiyo maana tunaanza na umbo kabla ya bika.

Umbo la ndani

Shaba yenye chaji ya +2 ina elektroni tisa katika ngazi yake ya d, na ngazi hiyo ina vyumba vitano vya elektroni mbili mbili. Chumba kimoja kinabaki na elektroni moja. Mwaka 1937 Hermann Jahn na Edward Teller walionyesha kwamba molekuli yenye upungufu wa namna hiyo haiwezi kutulia katika umbo lenye ulinganifu kamili; lazima ijinyooshe au ijibonyeze upande mmoja. Shaba hujinyoosha. Ligandi, yaani molekuli zinazoishika shaba, nne hukaribia na kukaa kwenye pembe za mraba, na mbili, ya juu na ya chini, husukumwa mbali.

Katika chumvi yetu pembe nne za mraba ni naitrojeni za amonia, kila moja ikiwa takriban pikomita 205 kutoka kwenye shaba. Molekuli ya maji iko juu ya mraba, zaidi ya pikomita 250, kwa hivyo imeshikwa kwa ulegevu. Salfeti haijaungana na shaba hata kidogo: inakaa kati ya ayoni, ikishikiliwa na chaji pamoja na vifungo vya hidrojeni.

Amonia hazishikwi kwa nguvu sawa. Zinaingia moja moja, kila moja ikimsukuma mwenzake wa maji, na kila inayofuata inashika kwa udhaifu zaidi. Logarithimu za thabiti za msawazo, yaani vipimo vya nguvu ya kila mshiko, ni karibu 4.1, 3.5, 2.9 na 2.1. Yaani ya nne ina mshiko uliopungua mara mia hivi kuliko ya kwanza, na ya tano karibu haiingii kabisa ndani ya maji. Chumvi inapoanza kuchakaa, ni hiyo ya nne inayotangulia kutoka.

Rangi nayo inatoka hapo hapo. Shaba iliyozungukwa na maji hunyonya mwanga zaidi karibu na nanomita 800, mwisho wa wekundu, ndiyo sababu mrututu ni buluu ya mbingu. Amonia hupanua pengo la nguvu kati ya vyumba vya d, na mnyonyo unahamia karibu na nanomita 600, penye machungwa. Kinachobaki kufika machoni ni buluu na zambarau. Mnyonyo wenyewe pia unakuwa mkali zaidi, kwa hivyo hata mmumunyo mwembamba unaonekana wazi. Huu ndio msingi wa jaribio la shaba ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha nne analijua.

Vitu vya kuandaa

Kwa mara moja ya kazi:

- Mrututu safi wa maabara, CuSO₄·5H₂O, gramu 5.0
- Maji yaliyokenekwa, mililita 15
- Amonia kali ya asilimia 25 hadi 35, mililita 10, na mililita 5 nyingine za kuoshea
- Ethanoli ya asilimia 95, mililita 25, na mililita 15 za kuoshea
- Barafu ya kutosha kujaza beseni

Mrututu wa dukani, ule wa dawa za asili au wa kunyunyizia mimea, mara nyingi una chuma ndani yake. Chuma kikikutana na amonia hugeuka mashapo ya kahawia yanayochafua kila kitu. Ukilazimika kuutumia, uyeyushe kwanza, tia amonia, kisha chuja kabla ya kutia ethanoli. Usiruke uchujaji huo.

Maji ndiyo kitu ambacho watu wa pwani hukosea bila kujua. Maji ya visima vya Shela na ya visima vingine vya mwambao yanapita kwenye mchanga wenye mabaki ya matumbawe, na maji ya jabia yamekaa ndani ya kuta za chokaa. Yote yana kalsiamu na baikaboneti. Ukiyeyusha mrututu humo utaona ukungu wa kijani kibichi hafifu kabla hata hujafika kwenye amonia: hiyo ni kaboneti ya shaba. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye chombo cha plastiki, baada ya mvua ya kwanza kuosha paa, yanafaa kama hakuna yaliyokenekwa.

Spiriti ya zambarau inayouzwa kwa ajili ya taa na majiko haifai. Ina rangi inayong'ang'ania fuwele, na ina methanoli. Ukikosa ethanoli, propanoli ya mkondo wa pili (isopropanoli), ile ya kusafishia ngozi isiyo na manukato, itafanya kazi.

Chupa ya amonia

Hapa pana hatari kubwa kuliko hatua nyingine zote, na hapa pwani inazidi. Amonia ya asilimia 35 huanza kuchemka kwenye joto la karibu nyuzi 27 hadi 30, ambalo ni joto la kawaida la mchana Malindi mwezi Machi. Chupa iliyokaa kwenye stoo yenye bati imejaa gesi iliyobanwa. Ukiifungua hivyo hivyo, inaweza kukurukia machoni, na amonia machoni hupofusha.

Iweke chupa kwenye barafu nusu saa kabla ya kuifungua. Vaa miwani iliyoziba pande zote na glavu. Funika kizibo kwa kitambaa kilicholoweshwa, geuza polepole, mdomo wa chupa ukielekea mbali na watu. Kama maabara haina kabati la kutolea moshi, fanya kazi nje barazani, ukae upande wa goshini, upepo ukupige mgongoni au ubavuni, na mwanafunzi yeyote asiwe upande wa demani. Ndoo ya maji safi iwe karibu. Ikimrukia mtu machoni, osha kwa maji mengi dakika 15 bila kusimama, kisha hospitali.

Amonia pia hula shaba na metali zilizochanganywa nayo. Ukihifadhi chupa stoo moja na kufuli za shaba, bomba za gesi au mizani yenye viungo vya shaba, baada ya miezi utaona ukoko wa kijani na buluu, na vyuma vya shaba nyeupe vinaweza kupasuka vyenyewe. Mwitiko wenyewe ni ule ule unaoufanya kwenye bika. Andreas Libavius aliuona tangu 1597: maji ya chokaa yenye chumvi ya amonia yalipogusa shaba, yaligeuka buluu.

Na amonia isikutane kamwe na dawa ya kufulia ya klorini. Gesi inayotoka ni sumu kwa mapafu.

Kutengeneza

Ponda mrututu kwa kinu kidogo hadi uwe laini. Punje kubwa zinayeyuka polepole mno. Pima gramu 5.0, tia ndani ya bika ya mililita 100, ongeza maji mililita 15 na pasha hadi nyuzi 50 hivi huku ukikoroga. Kiasi hicho cha maji ni kidogo makusudi. Ukiongeza maji ili uyeyushe haraka, utahitaji ethanoli nyingi zaidi baadaye na bado sehemu ya chumvi itabaki ndani ya mmumunyo.

Zima moto kabisa, uondoe na jiko. Poza bika kwenye barafu. Baadhi ya mrututu ukirudi kuwa fuwele, usijali, amonia itauyeyusha.

Sasa tia amonia kidogo kidogo kwa pipeti, mililita moja kwa wakati, ukikoroga. Mwanzoni yatatokea mashapo mazito ya buluu hafifu: amonia ya kwanza imeyafanya maji kuwa besi, na shaba imeanguka kama haidroksidi na salfeti yenye haidroksidi. Wengi husimama hapa wakidhani wamemaliza. Endelea. Baada ya mililita tano hadi saba mashapo yanayeyuka na mmumunyo unakuwa buluu ya wino, mwangavu. Ongeza zilizobaki mpaka zitimie 10. Hesabu inasema gramu 5.0 za mrututu ni milimoli 20, zinazohitaji milimoli 80 za amonia. Mililita 10 za asilimia 25 zina karibu milimoli 134. Ziada hiyo ndiyo inayoilazimisha amonia ya nne ikae mahali pake. Usiipunguze kwa kubana matumizi.

Ishike bika juu kwenye mwanga. Kukiwa na ukungu wowote, chuja. Ukungu ukibaki utaingia kwenye fuwele na hautatoka tena.

Kutia ethanoli kuna njia mbili, na uchaguzi unategemea unachotaka. Kama unataka chumvi ya kupima, mimina mililita 25 polepole, kwa dakika tano hivi, ukikoroga taratibu, bika ikiwa kwenye barafu. Ethanoli haiwezi kubeba ayoni zenye chaji kama maji yanavyobeba, kwa hivyo chumvi inaanguka. Ukimimina yote kwa mkupuo utapata unga laini sana unaoziba karatasi ya kuchujia na kufungia uchafu ndani yake. Acha dakika 20 kwenye barafu.

Kama unataka fuwele za kuonekana kwa macho, tumia bomba jembamba la majaribio. Tia mmumunyo hadi nusu, kisha teremsha ethanoli juu yake kwa pipeti, ukiigusisha ubavu wa bomba ili tabaka mbili zisichanganyike. Ziba vizuri, weka mahali pasipotikiswa, siku mbili. Pale tabaka zinapokutana zitaota fuwele ndefu za buluu iliyokoza. Watu wengi huikosa furaha hii kwa haraka tu, na ni hasara, kwa sababu fuwele hizo zinaonyesha kwa macho mpangilio ambao maneno yanaueleza kwa shida.

Barafu ya kuhifadhia samaki inafaa sana kwa beseni, na chumvi iliyomo inaongeza ubaridi. Lakini isiingie tone hata moja ndani ya bika: ina kloridi, na kloridi nayo inataka nafasi kwenye shaba.

Kuchuja na kuosha

Faneli ya kufyonza ndiyo bora. Pampu ya bomba la maji hudai msukumo wa maji ambao miji yetu haina kila siku. Sirinji kubwa ya mililita 60 iliyounganishwa kwa mpira na chupa yenye mkono pembeni inatosha. Fyonza mpaka kimiminika kiishe, kisha acha mara moja. Ukiendelea kuvuta hewa ya pwani kupitia fuwele, unazipitishia unyevu na kuzinyang'anya amonia kwa wakati mmoja, na utaona juu pakianza kupauka.

Osha kwanza kwa mchanganyiko baridi wa ethanoli mililita 5 na amonia mililita 5. Kisha kwa ethanoli peke yake, mililita 5 mara mbili. Usioshe kwa maji kamwe. Gramu 18 hivi za chumvi hii zinayeyuka katika mililita 100 za maji, kwa hivyo nusu ya mavuno inaweza kuteremka na maji ya kuoshea, na inayobaki inapoteza amonia na kugeuka kijani hafifu.

Chumvi kamili ingekuwa gramu 4.92. Ukipata gramu 4 kavu umefanya kazi safi. Ukipata zaidi ya 4.92, bado imelowa.

Kukausha na kutunza

Tandaza kati ya karatasi mbili za kuchujia, bonyeza, badilisha karatasi, rudia mpaka harufu ya ethanoli iishe. Usiweke juani wala kwenye oveni. Ikipashwa, chumvi hii inatoa maji na amonia kwa hatua, inapita kwenye buluu iliyopauka, na mwisho inabaki salfeti ya shaba tupu.

Kwa kukausha zaidi, watu hukimbilia kloridi ya kalsiamu. Hilo ni kosa lisiloonekana: kloridi ya kalsiamu hunyonya amonia kama inavyonyonya maji, na baada ya usiku mmoja umeiibia chumvi yako ligandi zake. Asidi ya salfuriki ni mbaya zaidi. Kinachofaa ni chokaa isiyozimwa, CaO. Lamu ina desturi ndefu ya kuchoma matumbawe kwa ajili ya chokaa ya kujengea, na chokaa iliyotoka tanuuni bila kuguswa na maji, ikifungwa mapema kwenye mkebe mkavu, inafanya kazi hii. Chokaa iliyokwisha zimwa haina faida, kwa kuwa imeshajaa maji. Weka chokaa chini ya chombo cha kukaushia, chumvi juu yake kwenye kisahani, na pembeni kipande cha pamba chenye matone mawili matatu ya amonia ili hewa ya ndani ishibe.

Hifadhi kwenye chupa ndogo ya glasi iliyojaa karibu na kizibo. Nafasi tupu ndani ya chupa ni amonia itakayotoka kujaza nafasi hiyo. Ukifungua na kukuta ukoko wa buluu-kijani juu, futa ukoko, usitumie kwa vipimo.

Kuhakiki kama ni nne kweli

Chovya gramu 0.250 za chumvi moja kwa moja ndani ya mililita 50.0 za asidi ya hidrokloriki ya 0.100 M. Fuwele ziingie kwenye asidi, si kwenye maji kwanza, ili kila amonia inayotoka inaswe hapo hapo kama amoniamu. Rangi itafifia hadi buluu ya mbingu: maji yamerudi kwenye nafasi zake. Tia matone matatu ya methili ya machungwa, kisha titrisha asidi iliyobaki kwa haidroksidi ya sodiamu ya 0.100 M.

Gramu 0.250 ni milimoli 1.017 za chumvi, zenye milimoli 4.07 za amonia. Asidi ilikuwa milimoli 5.00, kwa hivyo inabaki 0.93, na bureti inapaswa kusoma karibu mililita 9.3. Ikisoma 10.0, gawanya: amonia 4.00 kwa 1.017 ni 3.93, na hiyo ni nzuri. Ukipata 3.5 au chini, ama amonia ilitoroka wakati wa kukausha, ama fuwele zilikuwa na ethanoli iliyoongeza uzito bure. Fenolthalini isitumike hapa. Kabla haijageuka rangi, haidroksidi ya shaba itakuwa imeshaanguka.

Kwa shaba, yeyusha gramu 0.500 katika maji mililita 25 na ongeza asidi ya ethanoiki mpaka ubuluu wa wino upotee kabisa. Hakikisha hilo kabla ya kuendelea, kwani iodini na amonia huru hazikai pamoja kwa usalama. Tia iodidi ya potasiamu gramu 2, na titrisha iodini kwa thayosalfeti ya 0.100 M. Wanga wa mhogo uliochemshwa siku hiyo hiyo unafaa kama kiashirio, utiwe rangi ikishafika manjano ya majani makavu. Jibu ni mililita 20.3.

Naitrojeni zisizotoroka

Amonia ina mkono mmoja tu wa kushika. Ligandi yenye mikono miwili, kama ethilinidiamini, inashika zaidi, kwa kuwa mkono mmoja ukiachia mwingine bado upo. Katika jaribio la biureti la darasa la biolojia, la kutambua protini, shaba imeshikwa na naitrojeni za protini, na zambarau yake inatoka kwenye kanuni ile ile ya rangi. Fthalosianini ya shaba, rangi ya buluu iliyoanza kuuzwa 1935 na leo iko ndani ya rangi nyingi za mafuta, ina naitrojeni nane kwenye pete moja, nne kati yake zikishika shaba pande zote. Jua na chumvi ya bahari haviiondoi kwa urahisi.

Na pweza anayetolewa mwambani ana damu ya buluu kwa sababu hiyo hiyo. Katika hemosianini yake, protini inayobeba oksijeni, na katika ya kaa na kamba, atomi mbili za shaba zinashikwa kila moja na naitrojeni tatu za histidini. Oksijeni ikiingia kati yake damu inakuwa buluu. Ikitoka, inakuwa haina rangi.

Onyo moja la nguvu: usibadilishe salfeti kwa naitreti, klorati au paklorati ili kuona kitatokea nini, na usijaribu ligandi za naitrojeni nyingi zilizofungamana zenyewe kwa zenyewe, kama azidi. Amonia inaweza kuungua, na ayoni hizo zina oksijeni ya kuiunguza ndani ya fuwele moja. Chumvi za namna hiyo hulipuka. Salfeti imechaguliwa kwa sababu ni tulivu.

Mabaki

Shaba huua samaki wachanga na viumbe wadogo kwa kiasi kidogo sana, na mifereji ya miji yetu inaishia mikokoni. Kimiminika kilichobaki kisimwagwe. Kikusanye, kiweke kwenye barafu, ongeza asidi ya salfuriki ya 2 M kidogo kidogo mpaka litmasi iwe nyekundu. Fuwele nyeupe zikitokea ni salfeti ya amoniamu, inayochukia ethanoli; ongeza maji zitayeyuka. Tumbukiza gramu 5 za sufi ya chuma, isiyo na sabuni, acha usiku kucha mahali penye hewa na pasipo moto. Shaba itatoka na kukaa juu ya chuma kama unga mwekundu.

Asubuhi chukua mililita moja ya kimiminika, tia amonia ya kupita kiasi, acha mashapo ya chuma yazame, tazama maji ya juu. Yakiwa buluu, ongeza sufi nyingine na ungoje. Yasipokuwa na buluu, chuja, na unga wa shaba ukaushe uweke kwa ajili ya somo la metali.